Saa Mbili, Nizwa

Usiku wa kwanza niliganda.
Nimevuka bahari kuja nchi ya joto
nikalala na koti juu ya kanga mbili,
kwa kuwa Shaima wa Ibri, mwenzangu wa chumba,
hapati usingizi mashine isipovuma kwenye kumi na sita.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
wahenga hawakusema ya kwanza apewe barafu.
Nikashukuru. Nikatetemeka. Nikashukuru tena.

Asubuhi nikafungua mdomo
kama mtu anayefungua fundo la pesa za mkopo
mbele ya yule yule aliyemkopesha.
Kitabu ninacho, kalamu ninayo, subira ninayo,
hata habari, hata samahani, hata wakati:
yote yalitoka huku, mwalimu wetu Kondoa alituapia.
Nikayaweka kaunta, moja moja.
Kijana wa kadi za simu akayageuza,
akayatazama upande wa pili,
akanirudishia kama noti iliyofutika.

Maneno haya tumeyalea sisi.
Tuliyatia irabu mwishoni, yasidondoke.
Sasa hayafanani na baba.

Siku ya pili, simu kutoka usajili: njoo kesho,
saa thinteini.
Hiyo mbili, naijua, madrasa sikwenda bure.
Kesho yake saa mbili kamili nipo mlangoni,
vyeti kwenye bahasha ya kaki,
viatu vinang'aa, foleni hakuna.
Nikajisifu kimoyomoyo.

Mama mwenye funguo akanitazama,
akatazama saa ya ukutani, mshale kwenye nane,
akacheka hata akashika fremu ya mlango.
«Weye watoka kwetu,» akasema,
kwa Kiswahili cha Wete, kilichokunjwa vizuri
kama nguo ya sikukuu isiyovaliwa mara nyingi.
«Umewahi saa sita, mwanangu.
Mbili yao hawa ni baada ya adhuhuri.»

Bi Zuwena binti Nasor.
Mama yake aliletwa hapa na mimba ya miezi saba,
akazeeka hapa, akafia hapa,
na saa yake ya mkono hadi siku ya kuoshwa
ilikuwa nyuma saa sita.
Wajukuu wakiirekebisha kwa siri, yeye akiirudisha.
«Siku huanzwa na jua,» akiwaambia, «haianzwi na giza.»
Saa yenyewe iko kwenye droo, chini ya mihuri.
Akanionyesha. Betri imekwisha.
Imesimama kumi na moja na robo,
ya alfajiri au ya jioni, hajui.

Alinipa kahawa chungu, tende tatu na kiti.
Nikasubiri zile saa sita zote.
Sikuona haya.
Niliona kidogo.

Siku ya tano Daktari Haitham alitutoa darasani,
akatupeleka kwenye falaji ya Birkat al-Mawz.
Mfereji mwembamba, maji hayafiki goti,
yanakwenda bila pampu, bila kelele,
kama mtu anayejua anadaiwa na nani.
Hii ndiyo kazi niliyoijia: maji, na namna ya kuyafikisha.
Akatuonyesha nguzo iliyosimikwa uwanjani
na mawe yaliyopangwa chini yake:
kivuli kikivuka jiwe,
maji yanahamia shamba la jirani.
Wenzangu walipiga picha.
Mimi nilihesabu mawe.

Jiwe la kwanza ni jua kuchomoza.
La kwanza!
Nikarudia kuhesabu, nisije nikajidanganya kwa hamu.
Nikasimama pale kivuli kilipofika,
nikasema polepole, kwa lugha yangu: saa mbili.
Hakuna aliyenisahihisha.

Jioni mama akapiga kutoka Kondoa,
nyuma yake mashine ya alizeti inakoroma.
Akauliza kama ninakula. Akauliza kama kuna joto.
Nikamwambia kuhusu baridi, hakuamini.
«Na huko sasa saa ngapi, Zamda?»

Simu mkononi inasema yake.
Ukuta unasema wake.
«Subiri, mama,» nikasema,
nikainuka kutafuta dirisha.